Je, Wajua? Trela la “bampa” halivutwi na bampa

Wafugaji wa Texas na Oklahoma huliita trela la kuvutwa kwa bampa, lakini bampa la pikapu halihusiki kabisa. Trela hukaa juu ya tufe la chuma lililoshikwa na kiungio, na kiungio hicho hufungwa kwa bolti kwenye chesisi.

Trela la futi 16 kwa 6, yaani mita 4.9 kwa 1.8, huchukua ng'ombe wakubwa 6 hivi wa kilo 545 kila mmoja. Hizo ni zaidi ya tani 3, na trela lenyewe bado halijapimwa!

Siri iko mbele. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote hutakiwa kulalia tufe. Ukipungua, trela huyumba barabarani. Ng'ombe nao hawatulii, ndiyo maana geti la katikati lina thamani kuliko rangi inayong'aa: linawazuia wote kurundikana nyuma.

Trela likichomoka kwenye pikapu, waya mwembamba huvuta swichi, na betri ndogo iliyo kwenye trela hufunga breki za umeme palepale.

Mnunuzi mjanja wa trela kuukuu hutambaa chini yake na bisibisi, akichomachoma mbao za sakafu. Mkojo na samadi huziozesha taratibu. Bisibisi ikizama, mbao hizo zibadilishwe kabla ng'ombe hajapanda.