Kondo Likitoka, Koki za Ubongo Hubaki Zimefungwa

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia kuhusu mdogo wake. Amejifungua salama, mtoto ananyonya vizuri, mume yupo, na mama mkwe humpikia uji wa pilipili manga kila asubuhi. Lakini sasa ni wiki ya tano, na mzazi huyo hali, halali hata mtoto anapolala, na hulia bila kusema sababu. Wanaokuja kumwona humhimiza amshukuru Mungu. Msomaji anauliza: mtu aliyepata kila alichokiomba, analia nini?

Dada yangu, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na sayansi ina jibu linalonifurahisha mno. Maelezo ya homoni ni nini na mzunguko wa hedhi unaendaje nayaacha, kwani yamo katika kila kitabu cha biolojia cha sekondari. Naenda moja kwa moja kwenye molekuli iitwayo alopregnanoloni.

Mwili huitengeneza kutokana na projesteroni, homoni inayoilinda mimba. Tangu mwezi wa tatu hivi, kiwanda kikuu cha projesteroni huwa ni kondo la nyuma, na mimba inapokaribia kutimia, kiwango chake katika damu hufika kama mara kumi ya kile cha nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi. Vimeng'enya huigeuza sehemu yake, kwa hatua mbili tu, ikawa alopregnanoloni.

Fununu ya kwanza kwamba homoni hizi zina kazi katika ubongo ilitoka Montreal mwaka 1941. Hans Selye aliwadunga panya projesteroni nyingi, wakalala fofofo kama waliopigwa nusukaputi, kisha wakaamka wazima. Sababu haikujulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1986, Maria Majewska na wenzake walionyesha kwamba steroidi za jamii hii hushika kipokezi cha GABA, kemikali kuu ya kuutuliza ubongo, kwa namna inayofanana na barbiturati, zile dawa za usingizi za zamani.

Kipokezi hicho ni tundu kwenye utando wa seli ya neva. GABA ikiligusa, hufunguka. Chembe za kloridi huingia, na seli iliyokuwa ikihangaika hutulia. Alopregnanoloni ikiwapo, kloridi huingia kwa wingi zaidi. Baadhi ya matundu hayo yako kwenye maungio ya neva na hufanya kazi mara moja yakanyamaza. Mengine yako nje ya maungio, nayo hupitisha kloridi kidogokidogo usiku na mchana. Haya ya pili ndiyo yanayoitikia alopregnanoloni kwa nguvu zaidi. Kazi yao inahitaji jina la Kiswahili. "Utulizo wa kudumu" haufai, kwa kuwa kiasi chake hupanda na kushuka. "Utulizo wa msingi" hausemi kitu. Mimi naushika "utulizo wa chinichini", kwa sababu mtu hausikii mpaka siku ukosekane.

Sasa fikiria nyumba ya mjini yenye koki kumi, na bomba la mtaa linalosukumwa na pampu. Koki ni vipokezi, maji ni utulizo, na msukumo wa bomba ni alopregnanoloni. Miezi inavyokwenda, pampu inaongeza nguvu. Mwanzoni ni raha: ndoo zinajaa upesi. Kisha nguvu inazidi, maji yanaruka, sakafu inalowa. Mwenye nyumba mwenye akili anafanya nini? Anafunga koki moja, halafu ya pili, ya tatu, mpaka zinabaki chache wazi, na hizo chache, kwa nguvu ile ya bomba, zinampa maji yale yale aliyoyazoea. Nyumba imetulia, hakuna anayejua kwamba koki nyingi zimefungwa. Ndipo siku moja, bila tangazo, pampu inang'olewa na kuondolewa mtaani. Msukumo unaanguka. Koki zilizo wazi zinatoa matone. Zilizofungwa zingesaidia, ila lazima mtu apite chumba hadi chumba azifungue, na kazi hiyo ina muda wake. Nyumba nyingi hulimaliza zoezi hilo kwa siku chache, na katika siku hizo wenyewe hulalamika kidogo. Nyumba nyingine huchelewa, na zikichelewa, ukame unaingia ndani wakati nje mtaa mzima unasherehekea.

Pampu ni kondo la nyuma. Linatoka dakika chache baada ya mtoto, na ndani ya siku chache projesteroni imeporomoka. Kilio cha siku ya tatu hadi ya tano, ambacho wakunga wote wanakijua na ambacho huisha ndani ya wiki mbili, huja wakati huohuo.

Kwamba ubongo hupunguza koki wakati wa ujauzito ni jambo lililopimwa, kwa panya. Mwaka 2008, Jamie Maguire na Istvan Mody wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti kwamba vipokezi vya utulizo wa chinichini hupungua panya anapobeba mimba, kisha hurejea baada ya kuzaa. Walikuwa pia na panya waliozaliwa na kasoro ya sehemu muhimu ya vipokezi hivyo, wasioweza kuvirekebisha ipasavyo. Panya hao walipozaa hawakujenga viota vizuri, waliwatelekeza watoto, wengine wakawala. Walipopewa dawa inayoviamsha vipokezi hivyohivyo, malezi yalirudi na watoto wengi zaidi wakaishi. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi na bado unanisisimua.

Kwa binadamu kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Miki Bloch na wenzake nchini Marekani. Walichukua wanawake 16 ambao hawakuwa wajawazito: wanane waliwahi kupata sonona baada ya kujifungua, wanane hawakuwahi. Wote walipandishiwa homoni kana kwamba wana mimba, kisha zikakatishwa. Watano kati ya wanane wa kundi la kwanza waliporomoka kihisia. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja. Homoni zilikuwa zilezile na anguko lilelile. Kilichotofautiana ni namna ubongo ulivyolipokea. Ndiyo maana, dada yangu, kumpima mdogo wako na jirani aliyejifungua wiki hiyohiyo na anacheka ni kumwonea.

Kutokana na mantiki hiyo zilizaliwa dawa mbili za sonona ya baada ya kujifungua. Breksanoloni, ambayo ni alopregnanoloni yenyewe, ilikubaliwa Marekani Machi 2019. Ilikuwa ikitiwa kwenye mshipa kwa saa 60 mfululizo, mpaka ilipoacha kuuzwa mwishoni mwa 2024. Zuranoloni, kidonge cha kumeza kila jioni kwa siku 14, ilifuata Agosti 2023. Ni sawa na kuleta boza la maji mlangoni wakati koki zinafunguliwa: baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kufikia siku ya tatu, ilhali dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa nao walipata nafuu kiasi, na umaskini, kipigo nyumbani na kukosa usingizi vina sehemu yao pia katika ugonjwa huu. Zuranoloni ilitangazwa kwa bei ya dola 15,900 kwa dozi nzima.

Tusiingoje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika vijiji vya Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea akina mama na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya asilimia 53 kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo. Tangu mwaka 1987 lipo pia dodoso la Edinburgh, lenye maswali kumi tu, na limeshatumika kwa Kiswahili. Wauguzi wa kliniki wanaompima mtoto uzito wangeweza kumuuliza mama maswali hayo palepale, foleni ikiendelea.

Kwa mdogo wako, wiki ya tano imeshapita mipaka ya kilio cha kawaida. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, ueleze hasa kuhusu usingizi, chakula na machozi, na useme kwamba ananyonyesha, maana zipo dawa za sonona zinazopita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, sertralini ikiwa mojawapo. Nyumbani, mtu mwingine ambebe mtoto usiku ili mama alale. Na akianza kusikia sauti, au kutaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.