Jinsi ya kumwendea mkubwa asiyetaka kusikia

Wafanyakazi wa maduka ya jumla na maghala ya Gakoromone, mjini Meru, humfikia daktari na malalamiko yanayofanana: kichwa kinachogonga kuanzia saa nane mchana, shingo iliyokaza, na usingizi unaokatika saa tisa za usiku. Huomba dawa ya maumivu. Ukizidi kuwadadisi, aghalabu jambo jingine hujitokeza: "Daktari, pale kazini nikitoa wazo, bosi hulitupa hata kabla sijamaliza."

Msomaji, usilidharau jambo hilo. Mwaka wa 1985 Michael Marmot na wenzake walianza kufuatilia afya ya watumishi wa serikali 10,308 jijini London, wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1997 yalionyesha kwamba wale waliokuwa na usemi mdogo juu ya kazi yao walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao.

Kwa hivyo, kwanza kapimwe presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, unahitaji matibabu hata kama mkubwa wako atageuka malaika kesho. Kuhusu vidonda vya tumbo, ambavyo watu hupenda kumsingizia bosi, hapo namtetea: mara nyingi huletwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori, au kwa kumeza baadhi ya dawa za maumivu kila mara.

Sasa tumrudie mkubwa mwenyewe. Chukua mfano wa ghala la nafaka. Gunia la mahindi la kilo 90 hubebwa na mtu mmoja mgongoni. Viazi navyo vilizoeleka kupakiwa katika magunia yenye kilemba juu, yanayozidi hata uzani huo, ndipo kanuni za mwaka wa 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka wa 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Tuseme karani anawaona wapagazi wakiumia na angependa mahindi nayo yapakiwe kwa kilo 50. Atamwambiaje mwenye ghala aliye mkali?

Wengi hukosea saa. Humvamia asubuhi lori likishusha mzigo, mbele ya wateja na vibarua. Mtu akipingwa hadharani hutetea heshima yake kwanza, hata akijua umesema kweli. Mngoje jioni, hesabu za siku zikishafungwa, mkiwa wawili. Usimwambie kwamba ni mkatili. Anza na lile ambalo yeye mwenyewe hulilalamikia: vibarua kutofika, magunia kupasuka, lori kuchelewa. Uwe umeandika kwenye daftari, kwa wiki mbili au tatu, ni wangapi walikosa kazi kwa sababu ya mgongo na lori lilichukua saa ngapi. Kisha omba kitu kidogo: "Mzee, naomba tujaribu lori moja tu, la Jumanne, kwa magunia madogo. Likituchelewesha, tutarudia yale ya kawaida."

Akikataa, muulize kwa upole kinachomtia wasiwasi. Huenda ni bei ya magunia, au wanunuzi wake wamezoea kilo 90. Hayo hayawezi kujibiwa kabla hayajatajwa. Na akikubali, kisha akawaeleza watu kana kwamba wazo ni lake, mwachie.

Hesabu peke yake haitoshi, kwani hata madaktari tumewahi kuwa wakubwa wagumu. Huko Vienna, mwaka wa 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wazazi. Vifo vya akina mama katika wadi yake vilishuka kutoka takriban 18 kwa kila 100 mwezi wa Aprili hadi takriban 2 mwezi wa Juni. Lakini alichelewa hadi 1861 kuchapisha kitabu chake, na alipopingwa akawaandikia wakuu wa fani barua za hadharani akiwaita wauaji. Alifariki mwaka wa 1865, wengi wakiwa bado hawajamkubali.

Humu nchini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inakataza kumfuta mtu kwa sababu tu amelalamika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na ni afadhali wazo lako lipitie huko. Najua kibarua wa siku hawezi kumsomea mwenye ghala kifungu cha sheria. Kesho hataitwa kazini, basi. Kwake ni heri waende watatu au wanne, na mmoja wao awe mtu ambaye mkubwa humheshimu.

Wakati mngali mnajadiliana, yapo mambo yasiyongoja jibu la bosi. Ukihisi kifua kikibana na maumivu kupanda mkononi au kwenye taya, au ukibeba mzigo kisha miguu yote miwili ikafa ganzi ama mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali mara moja.