Tusi Alilolitua Kenya

Wahenga walinena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sasa fikiri, msomaji, hali ya mtu ambaye ulimi ndio jembe lake. Husimama jukwaani peke yake, hana ngoma wala zumari, hana mwenzi wa kumjibu, na watu wamelipa viingilio wakimngoja awachekeshe. Mtu wa namna hiyo alikuwa marehemu Richard Pryor, Mmarekani mweusi, ambaye wengi wa wajuzi wa fani hiyo humhesabu kuwa bingwa wao.

Alizaliwa tarehe 1 Disemba, 1940, mjini Peoria, katika jimbo la Illinois. Nyumba aliyokulia ilikuwa danguro; mwenyewe ni nyanyake, na mamake alikuwa miongoni mwa waliouza miili yao humo. Nyanya huyo ndiye aliyemlea, kwa mapenzi na kwa bakora. Alifukuzwa shule akiwa na miaka 14, akaingia jeshini, na mwaka wa 1963 akenda New York kutafuta riziki ya kuchekesha.

Mwanzoni alimwiga Bill Cosby: mizaha laini, isiyomkera mtu. Fedha zikaja. Lakini mwaka wa 1967, akiwa jukwaani katika hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, aliwatazama waliokaa mbele yake, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akashuka akenda zake. Aliporudi kwenye kazi yake, alirudi na watu wa Peoria: walevi, makahaba, wahubiri na wazee wa vijiweni, akawasemesha kwa lugha yao wenyewe.

Katika lugha hiyo lilikuwamo neno moja, tusi ambalo watu weusi wa Marekani wametukanwa nalo tangu enzi za utumwa. Pryor alilitamka kila mara, akidhani kuwa likikaa kinywani mwa aliyetukanwa litapungua sumu. Santuri yake ya 1974 ilibeba neno hilo katika jina lake, nayo ikapata tuzo ya Grammy. Tusi likawa mtaji.

Mwaka wa 1979 alizuru Kenya. Siku moja alikaa katika ukumbi wa hoteli akitazama watu. Kila upande weusi, kila mtu na shughuli yake, kila mtu na heshima yake. Nafsi ikamwuliza: waona hapa hata mmoja anayestahili jina lile? Akajibu, la. Hapo akatanabahi kuwa wiki tatu zilikuwa zimepita, naye hajalitamka wala hajalikumbuka. Akalia.

Aliporudi kwao aliapa kuliacha. Jambo hilo si dogo: ni kama mvuvi kuukata mshipi wake samaki wakiwa wanakula. Akawasimulia watazamaji wake kisa hicho katika filamu yake ya 1982, Live on the Sunset Strip.

Lakini tusimfanye walii. Katika filamu hiyo hiyo alisimulia habari za moto. Mwezi wa Juni, 1980, akili zikiwa zimechukuliwa na kokeni, alijimwagia pombe kali akajiwasha, nusura afe. Mwaka wa 1986 akapatikana na maradhi ya mishipa ya fahamu, yaliyomnyang'anya mwendo kidogo kidogo. Mwaka wa 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Mark Twain ya uchekeshaji, mjini Washington. Alifariki tarehe 10 Disemba, 2005, akiwa na umri wa miaka 65.

Na sisi je? Sura ya Hujurat, tuliyoisoma chuoni tungali wadogo, yatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hata hivyo, barazani bado husikika mtu mzima akimwita mwenziwe "mtwana", na akikanywa hujibu kuwa ni mzaha tu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Neno hilo nalo lina minyororo yake, na aitwaye hivyo huisikia hata akicheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mgeni huyu alikuja akapona yeye, akalitua tusi lake nchini mwetu. Sisi wenyeji, yetu tutayatua wapi?