Uma wa Paleti wa Kujitengenezea kwa Trekta Dogo

Uma wa paleti ni kifaa cha chuma kinachofungwa mbele ya trekta, mahali pa ndoo ya loda. Una sehemu tatu: meno mawili marefu yanayoingia chini ya paleti, fremu inayoyashika meno hayo, na vishikio vinavyoiunganisha fremu na mikono ya loda. Kwa mkulima mwenye trekta la nguvu-farasi 20 hadi 50, loda ya kuchotea udongo hugeuka kinyanyuzi cha mbolea, matofali, magogo na matangi. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na vipimo sahihi anaweza kuutengeneza, mradi aanze na hesabu ya uzito kabla ya kukata chuma.

Mzigo ulio mbele ya magurudumu ya mbele hulivuta trekta liinuke nyuma. Nguvu hiyo ya kupindua ni uzito mara umbali wake kutoka ekseli ya mbele. Ndani ya ndoo mzigo hukaa karibu. Juu ya meno husogea mbele, na uzito uleule ukalielemea trekta zaidi. Mfano ni trekta linalomudu kilo 500 kwa jumla, ndoo ikiwemo, zikiwa mita 1.2 mbele ya ekseli. Kitovu cha mzigo kikihamia mita 1.7, uzito wenye nguvu hiyohiyo ya kupindua ni kilo 353 tu. Uma wenyewe ukiwa na kilo 80, mzigo unaobaki ni chini kidogo ya kilo 300, yaani paleti moja na mifuko mitano ya saruji ya kilo 50. Ndiyo maana kila sentimita inayousogeza mzigo karibu na mikono ya loda ina thamani kubwa kuliko unene wa chuma.

Kuna njia mbili za kuufunga uma. Ya kwanza ni kuyabana meno kwenye ukingo wa ndoo. Ni rahisi na ya haraka, lakini kina chote cha ndoo huongezeka kwenye umbali, uzito wa ndoo hubaki palepale, na ukingo wake unaweza kupinda. Inafaa mizigo myepesi tu. Ya pili ni kuiondoa ndoo na kuifunga fremu moja kwa moja kwenye pini au kwenye kiungio cha kubadilishia vifaa. Njia hii ndiyo bora. Kama loda ni ya pini, vipimo huchukuliwa kwenye ndoo yenyewe, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa kuwa kosa la milimita chache huzuia pini kuingia.

Meno mazuri kuliko yote ni ya chuma kilichofuliwa, yaliyotoka kwenye forklifti kuukuu. Huning'inia kwa ndoano kwenye fremu na husogezwa kulia au kushoto kufuata upana wa paleti. Yakaguliwe kwenye kisigino, yaani kona ambapo jino linapinda kwenda juu, kwa maana hapo ndipo nguvu yote ya kupinda inapokutana. Unene ukiwa umelika kwa asilimia 10, uimara umepungua kwa karibu moja ya tano, na jino hilo halifai tena. Meno ya aina hii hayachomelewi, hayatobolewi wala hayanyooshwi kwa moto, kwa sababu joto huharibu ugumu wa chuma chake.

Asiyepata meno hayo hutumia bomba nene la mstatili, likiwekwa ubavu wake mrefu ukiwa wima na kuimarishwa kisiginoni kwa pembetatu za bamba. Kila jino liweze kubeba mzigo wote peke yake, kwani shambani ardhi haiko sawa. Paleti ya Ulaya ina milimita 800 kwa 1,200, na ile iliyozoeleka Marekani ina 1,016 kwa 1,219. Meno ya milimita 1,070 yanatosha kwa zote mbili.

Fremu huwa na nondo bapa mbili nene za mlalo zilizounganishwa na nguzo za wima. Juu yake huwekwa kizuizi cha kuukinga mzigo usimwangukie dereva, chenye nafasi za kumwezesha kuziona ncha za meno. Kabla ya kuchomelea, kutu, rangi na zinki huondolewa, kwani mvuke wa zinki ni sumu. Fremu nzima hushikizwa kwanza kwa nukta ndogo za kuchomelea, pembe zake hupimwa, kisha huchomelewa kwa zamu upande huu na upande ule isije ikajikunja.

Nyuma ya trekta lazima kuwe na uzito wa kusawazisha. Pipa la lita 200 likijazwa zege hufika karibu kilo 480, na litumike pale tu mwongozo wa trekta unaporuhusu. Uzito huo hushikilia magurudumu ya nyuma ardhini, lakini hauongezi nguvu ya haidroliki.

Majaribio huanza na mzigo mdogo ulioinuliwa kidogo tu, kisha huongezwa taratibu huku viungo vikikaguliwa nyufa na meno yakipimwa kama yamepinda. Wakati wa kazi, mzigo husafirishwa ukiwa karibu sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mwendo wa pole. Kwenye mteremko, upande wenye mzigo huelekea juu daima: trekta hupanda likitazama mbele na kushuka kinyumenyume. Dereva hufunga mkanda huku fremu ya kinga dhidi ya kupinduka ikiwa imesimamishwa. Hakuna mtu anayepaswa kusimama juu ya meno wala kupita chini yake, hata kama mzigo ni mwepesi.