Lengai na Mifereji ya Zuhura

Katika mwaka 1960, mjuzi wa miamba aliyeitwa John Barry Dawson, mtumishi wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika iliyokuwa na makao yake hapa Dodoma, alipanda Oldoinyo Lengai, mlima wa moto ulio kusini mwa Ziwa Natron, akafika penye shimo la kileleni na kuishuhudia lava nyeusi, nyepesi kupita lava zote zilizokuwa zimeandikwa katika vitabu vya elimu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1962 ulidhihirisha kwamba kitu kile hakikuwa matope, wala chumvi iliyoyeyushwa na maji, bali ni mwamba ulioyeyuka wenye asili moja na magadi, ambao karibu hauna kabisa ile silika iliyo msingi wa lava za milima mingine. Hakuna mlima mwingine duniani unaojulikana kutoa lava ya namna hiyo katika zama zetu. Miongo mitatu baadaye, wataalamu walioziinamia taswira za Zuhura, sayari ambayo hapana budi tukiri kwamba hakuna mtu wa kizazi chetu atakayeikanyaga, walijikuta wakiuhitaji ushahidi wa mlima ule.

Idara ile, iliyoanzishwa mwaka 1925, leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, na makao yake yangali Dodoma, juu ya miamba ya granaiti yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Nayataja haya kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kuzifasiri picha za sayari ni kazi ya majumba ya ng'ambo peke yake, yenye mitambo ya thamani kubwa, ilhali sehemu kuu ya kazi hiyo ni ya mtu aliyekwisha tembea juu ya ardhi kwa miguu yake, akajua mto hukata vipi udongo, chumvi huganda wapi, na lava hupoa kwa umbo gani. Taswira ya sayari haitoshi kuonwa tu. Husomwa, na msomaji wake hana kamusi nyingine ila ardhi hii.

Kwanza yafaa ijulikane ni kitu gani hasa kinachotufikia. Kamera ya chombo cha anga hulikata eneo inalolitazama kuwa viraba vidogo, ikapima wingi wa nuru itokayo katika kila kiraba, na kuugeuza wingi huo kuwa tarakimu, ambazo husafirishwa hadi duniani kwa mawimbi ya redio. Mariner 4, chombo cha Marekani kilichopita karibu na Mirihi mwezi Julai 1965, kilileta picha 21 na sehemu ya picha moja zaidi, kila picha ikiwa na safu 200 zenye viraba 200, na kila kiraba kikiwa kimepimwa kwa daraja 64 za nuru na kiza. Na kwa kuwa redio yake ilikuwa dhaifu, picha moja ilichukua takribani saa nane kufika. Wahandisi wa Pasadena, katika jimbo la California, hawakustahimili kungoja mashine ikamilishe kazi yake. Walizibandika ukutani kanda za karatasi zilizochapwa tarakimu, wakapaka kila tarakimu rangi yake kwa chaki za wachoraji, ukanda kwa ukanda, kama ashonavyo mtu kili za mkeka, hata ukingo wa Mirihi ukajitokeza mbele yao. Picha zilizofuata zilionyesha kasoko nyingi, mfano wa zile za mwezini, wala hazikuonyesha hata mmoja wa mifereji iliyonyooka ambayo Percival Lowell, akitazama kwa darubini tangu mwaka 1894, aliitangaza kuwa ni kazi ya viumbe wenye akili. Jicho lililochoka huunganisha madoa yaliyotawanyika likayafanya mistari, na mtu mwenye elimu hakingiki na jambo hilo.

Tarakimu zikishakuwa picha, swali la kwanza la msomaji mwaminifu huwa ni jua lilikuwa upande gani. Macho ya mwanadamu yamezoea nuru ishukayo kutoka juu, na kwa hiyo picha ambayo nuru yake imeingia kutoka chini huyapindua mambo yote. Mkaazi wa Dodoma anaweza kuujaribu mtego huu kwa picha za setilaiti za wilaya yake mwenyewe. Mwezi wa Juni, jua la saa nne asubuhi huwa kaskazini-mashariki, vivuli vikaangukia upande wa chini wa picha, na korongo huonekana korongo, na kilima huonekana kilima. Lakini ifikapo Desemba, jua limekwisha hamia kusini ya mji, vivuli huelekea juu ya picha, na mara korongo hufura likawa tuta, na kilima cha Mlimwa huweza kuonekana kuwa ni shimo. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuigeuza picha juu chini. Wasomao kasoko za Mirihi na za mwezini hufanya hivyo hivyo, na hakuna aibu katika kufanya hivyo kila siku.

Kivuli, hata hivyo, si mdanganyifu tu, bali ni shahidi mwema kwa anayejua kumhoji. Ikiwa jua lilikuwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli kilichoanguka penye ardhi tambarare huwa na urefu sawa na kimo cha kitu kilichokitoa. Likiwa nyuzi 30, kivuli cha mita 100 ni cha mwamba wenye kimo cha mita 58 hivi. Hesabu hii ya sekondari ndiyo iliyopima majabali mengi ambayo hakuna kamba wala fimbo ya mpimaji iliyoyafikia. Vivuli hivyo hivyo, vilipoangukia mlima mmoja wa Mirihi tarehe 25 Julai 1976, viliifanya picha ya Viking 1 ionekane kuwa uso wa mtu, ukazaa vitabu na uvumi usiokwisha, mpaka picha kali zaidi za mwaka 1998 na 2001 zilipoonyesha kwamba ni mlima uliolika kwa tabia ya milima yote.

Njia ya pili ya kukijua kimo, ambayo mimi naistahi kuliko nyingine, ni ya picha mbili. Ndege ya upimaji, ikipita juu ya uwanda wetu, hupiga picha zinazopandana kwa kadiri ya asilimia 60, hata kila kilima huonekana katika picha mbili, kutoka mahali pawili tofauti. Mpimaji huziweka picha hizo kando kando mezani, huinamia lenzi mbili za stirioskopu, na kuzisogeza kwa ncha za vidole, kidogo kidogo; mwanzoni huona ukungu wa mambo yasiyopatana, kisha, bila ya yeye kutambua ni kwa msogezo upi, mawe ya granaiti huinuka kutoka katika karatasi, marefu kuliko yalivyo, na mito ya mchanga huzama baina yake. Kamera iitwayo HiRISE, inayoizunguka Mirihi tangu mwaka 2006 ndani ya chombo Mars Reconnaissance Orbiter, na ambayo yaweza kuona jiwe lenye ukubwa wa meza, hutumia hila hiyo hiyo kwa kupiga mahali pamoja mara mbili kutoka pembe mbalimbali. Aliyefunzwa kazi hii kwa picha za ndege za Mpwapwa au Manyoni hana ujuzi mwingine wa kujifunza ili asome picha za Mirihi; ana mazoea tu ya kuongeza.

Kuhusu rangi nitasema machache. Rangi nyingi za picha hizo zimechaguliwa na mwanadamu ili kutenga vitu ambavyo macho yasingevitenga, kama vile picha za Landsat, setilaiti ya kwanza ya jamii yake iliyorushwa mwaka 1972, zinavyoweza kuyaonyesha mashamba ya zabibu ya Hombolo kwa wekundu mkali, kwa kuwa majani mabichi huirudisha kwa wingi nuru ile isiyoonekana iliyo karibu na nyekundu. Asiyeambiwa hayo atadhani mizabibu imeungua.

Sasa tuje kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni hatari ya kufanana. Reli ya kati, ikitoka Dodoma kwenda magharibi, hupita Bahi kabla ya kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Na hapo Bahi, mto Bubu huyamwaga maji yake katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, maji yakatanda masika na kupungua kiangazi, yakiacha udongo laini na weupe wa chumvi. Mtu akiiona picha yake kutoka juu, hata asipojua jina la mahali, atasema: mto umeingia, haukutoka, chini ni tambarare, basi hapa ni ziwa. Atakuwa amesema kweli. Kwa mantiki hiyo hiyo wataalamu walikipeleka chombo cha Spirit katika kasoko ya Gusev huko Mirihi, ambamo bonde kubwa la mto wa kale liitwalo Ma'adim linaingia. Lakini Spirit ilipotua Januari 2004 haikukuta matope ya ziwa, bali uwanda wa mawe ya lava, kwa kuwa lava ilikuwa imekwisha funika chochote kilichokuwapo. Perseverance nayo, iliyotua katika kasoko ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, ilikuta sakafu ya miamba ya moto, lakini ilipoukabili mwinuko uliosomwa kutoka angani kuwa ni delta ya mto, iliona matabaka yaliyolala mshazari, jinsi mchanga unavyolala mto unapoingia ziwani. Picha zile zile za juu, basi, zilisema kweli mahali pamoja na kunyamaza mahali pengine, na hakukuwa na njia ya kutambua ila kushuka chini.

Waliozisoma picha za ndege za nchi yetu walikuwa na hadhari hii zamani. Anders Rapp na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972 juu ya mmomonyoko katika mabonde manne ya karibu na Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, waliambatanisha picha na kuyapima matope yaliyojaa ndani ya mabwawa yenyewe. Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo kuondolewa katika eneo lililoharibika mwaka 1979, makorongo yake mekundu yana kichwa kilichotanuka, shingo nyembamba, na kipepeo cha mchanga miguuni. Mwaka 2000, Michael Malin na Kenneth Edgett walitangaza picha za makorongo ya Mirihi yenye viungo hivyo vitatu vile vile, na dunia ikashangilia maji. Picha zilizopigwa mwaka hadi mwaka zimeonyesha tangu hapo kwamba makorongo hayo hubadilika majira ya baridi, wakati hewa ya ukaa inapoganda na kuyeyuka kuwa mvuke penye miteremko, wakati ambapo maji hayawezi kabisa kutiririka. Umbo la Kondoa lipo; mvua ya Kondoa haipo. Mimi nashikilia kwamba anayelijua korongo la Kondoa kwa undani ndiye awezaye kulitambua kosa hili mapema, kwa kuwa anajua ni alama zipi nyingine ambazo maji yangaliziacha.

Narudi kwa Zuhura. Mawingu yake hayapenyeki kwa kamera, na chombo cha Magellan, kati ya mwaka 1990 na 1994, kiliichora kwa rada, ambayo picha yake haina jua wala kivuli cha jua: penye mng'aro aghalabu ni penye mikwaruzo, na penye weusi ni laini. Katika taswira hizo ulionekana mfereji uitwao Baltis Vallis, wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi, unaoupita Mto Nile, na upana wa kilomita moja hadi tatu unaobadilika kidogo tu katika safari yote. Maji hayawezi kuwa yameuchimba katika hali ya leo, kwa kuwa joto la ardhi ya huko hufikia nyuzi 460 za selisiasi. Lava ya kawaida, yenye joto la nyuzi 1,100 na zaidi, ingepoa na kukwama mapema, isipokuwa ilimiminika kwa wingi wa ajabu. Mwaka 1994, Jeffrey Kargel na wenzake walileta rai kwamba huenda ilikuwa ni lava ya jamii ya kaboneti, nao walikuwa na mfano mmoja tu ulio hai wa kuutazama: Lengai, ambao lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Hapa kwetu hewa baridi huigandisha upesi, na unyevu huigeuza kutoka weusi kuwa weupe kwa muda mfupi, hata mtu aliye mbali akadhani kilele kina theluji. Lakini katika sayari ambayo ardhi yenyewe inakaribia joto la lava hiyo, na ambayo haina unyevu wa kuibadili, ingeweza kwenda mbali mno kabla ya kuganda.

Rai hiyo haijathibitishwa. Vyombo vya Urusi ya Kisovieti, kama Venera 13 iliyoishi dakika 127 juu ya ardhi ya Zuhura mwaka 1982, vilipima udongo wa mahali pengine na kukuta miamba ya asili ya basalti, na wapo wanaosema kwamba basalti nyepesi iliyomiminika kwa wingi ingeweza kuifanya kazi yote. Magellan haikuweza kutenga vitu vidogo kuliko kadiri ya mita 100. EnVision, chombo cha Ulaya kilichoidhinishwa rasmi Januari 2024, kinatarajiwa kwenda na rada kali zaidi katika miaka ya 2030, na picha zake zitakapofika, mahali ambapo ningependa patazamwe kwanza ni kingo za Baltis Vallis: kama zimekatwa ndani ya mwamba wa chini, au kama zina kuta nyembamba za pembeni, mfano wa zile ambazo lava ya Lengai hujijengea yenyewe inapopita.