Mbele ya kuformate ordinateri, jaribu kwanza dawa yake ya ndani

Ilibakia siku mbili mishahara itoke. Katika nyumba moja ya Kolwezi, mama mmoja, bibi ya muchimbaji, alituita tuingie. Yeye njo anashika hesabu ya likelemba ya wamama wa barabara yao. Majina, tarehe, nani amelipa, nani atapokea mwezi huu: yote iko mu ordinateri ndogo ambayo mutoto wake anasomea.

Umeme ulikatika wakati Windows ilikuwa inafanya mise à jour, na betri ya mashini ilikufa zamani. Tangu siku ile inawaka polepole, inajizima yenyewe, na Excel inakataa kufunguka. Fundi mumoja aliangalia, akasema: «Mama, hapa ni paka kuformate. Dola 20.» Mama akauliza: «Na hesabu ya bamama?» Fundi akanyamaza.

Maneno kama haya yanapata familia nyingi, njo maana tunayaandika.

Wale wanaoshuka chini wanajua miti inayoshikilia shimo. Muti mumoja ukioza, udongo unaanza kuanguka, lakini haina maana kusema shimo lote limekufa. Windows nayo iko na miti yake: mafaili ya sistemi. Umeme ukikatika wakati mubaya, au diski ikizeeka, moja au mbili inaharibika. Na ndani ya Windows yenyewe kuko mulinzi anayepita na taa, anagonga kila muti, na ule uliooza anaubadilisha kwa mupya kutoka depo. Jina lake ni SFC. Hagusi picha zenu wala hesabu zenu.

Lakini kazi ya kwanza ni kukopia. Kama mashini inawaka hata kidogo, weka flashi, kopia hesabu, picha na masomo ya watoto. Diski ikipiga kelele ka-ka-ka, kopia tu, halafu simama, uipeleke kwa fundi. Diski inayokufa hainyoshwi na programu.

Halafu ngojea saa ambapo umeme unatulia, ao enda kwa jirani mwenye groupe. Kazi hii ikikatwa katikati, unaweza kuongeza ubaya.

Sasa, mu menyu ya Windows andika «cmd». Ikitokea Invite de commandes, usiifungue mbio: finya souris upande wa kuume, chagua «Exécuter en tant qu'administrateur». Wengi wanaruka hapa, na mulinzi anawakatalia, juu hana ruhusa. Mu dirisha leusi andika:

sfc /scannow

Kuko nafasi kati ya sfc na ule mustari. Kwa klavie ya AZERTY, mustari unatoka kwa kushikilia Maj na kufinya ile ya nukta mbili. Finya Entrée, kisha uache. Kwa mashini ya zamani inaweza kupita nusu saa, na nambari inaweza kusimama pamoja. Usizime.

Mwishoni atakupa jibu, na kila jibu liko na njia yake.

Akisema hakuna «violation d'intégrité», miti yote iko nguvu. Ugonjwa uko pengine, labda virusi ao diski. Akisema ameona mafaili yaliyoharibika na ameyatengeneza, zima na kuwasha tena, kazi imeisha. Akisema kuko réparation nyingine inangojea, washa upya kwanza, kisha rudilia. Akisema hawezi kuanzisha service ya kutengeneza, andika «net start trustedinstaller», halafu umuite tena. Akishindwa kumaliza kazi, jaribu mu mode sans échec.

Jibu linalovunja watu moyo ni hili: ameona «fichiers endommagés» lakini hakuweza kuyatengeneza yote. Hapo wengi wanakubali kuformate. Lakini maana yake mara nyingi ni kwamba depo yenyewe imeoza: mulinzi anaenda kuchukua muti mupya, anakuta nao ni mubovu. Basi ni kutengeneza depo kwanza. Kwa Windows 8 na zile zilizofuata, mu dirisha lilelile andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inatafuta mafaili mazima kwa intaneti, kwa hiyo weka mega za kutosha mu simu. Nayo inaweza kusimama kwa nambari moja muda murefu, uvumilie. Kama mega hakuna, fundi anaweza kuipa mafaili kutoka flashi ya kuinstalia Windows, lakini iwe version ileile ya mashini yako. Ikimaliza, washa upya, kisha rudilia sfc /scannow. Wengi wanasahau mara hii ya pili: depo imejazwa, lakini miti mibovu ingali mu shimo.

Kwa mama wa Kolwezi ilikuwa vile. Mara ya kwanza SFC ilishindwa. Tulikopia hesabu, tukaunga simu, DISM ikafanya kazi mupaka giza likaingia. SFC ya pili ikatengeneza yote, na Excel ikafunguka.

Fundi hatumulaumu. Kuna siku kuformate ni lazima kweli, hasa kama njia hizi zote zimekataa. Lakini iwe ya mwisho, na mbele ya kulipa uulize: «Umekopia vitu vyetu? Tuonyeshe.»

Siku ya mishahara wamama walikutana, na yule ambaye zamu ilikuwa yake akapokea feza yake bila mabishano. Mama alikuwa na ordinateri kwa meza. Kando yake kulikuwa flashi, na kaye mupya ambamo alikuwa ameandika majina yote kwa mukono.