Figo za Aliyepunguzwa Tumbo

Tuseme mama anayelima viazi na kabichi Endarasha, Nyeri, mwenye kilo 120 na sukari iliyokataa kushuka, ameteremka Nairobi akapunguzwa tumbo. Akirudi, majirani watamuuliza amepoteza kilo ngapi. Mimi ningemuuliza habari za mkojo wake: kabla ya kupasuliwa ulikuwa na protini? Kiasi gani? Na sasa je?

Chujio za figo haziongezeki kwa kufuata unene wa mwenyewe. Mtu huzaliwa na chujio zake, kama milioni moja kwa kila figo, na haongezewi nyingine. Mwili ukinenepa, chujio zilezile hubebeshwa damu nyingi zaidi kwa msukumo mkubwa zaidi. Miaka ya mwanzo vipimo hutoka vizuri mno, na wengi hudanganyika hapo, maana figo inachuja kupita kiasi. Baadaye chujio huvimba, protini huanza kuvuja, makovu hufuata. Sukari na presha, ambazo mara nyingi huandamana na unene, huharakisha mambo. Mkojo wenye povu lisilokatika si jambo la kupuuza.

Upasuaji wenyewe ni wa namna mbili hasa. Wa kwanza huondoa sehemu kubwa ya tumbo, karibu asilimia 80, likabaki jembamba kama ndizi. Wa pili, baipasi, hutenga kifuko kidogo juu na kukiunga na utumbo wa chini, chakula kikaruka njia. Homoni za utumbo hubadilika pia, ndiyo maana sukari ya wengi hushuka siku chache tu baada ya baipasi, kilo zikiwa bado zilezile.

Je, figo hunufaika? Ndiyo, na ushahidi ni mzito. Nchini Uswidi, tangu 1987, watafiti walifuatilia watu 4,047 wenye unene mkubwa, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Baada ya miaka kama 18, hatari ya figo kuharibika vibaya kwa waliopasuliwa ilikuwa kama theluthi moja ya ile ya wenzao. Brazil nako, katika utafiti wa watu 100 wenye kisukari na figo zilizoanza kuvuja, uliochapishwa 2020, baada ya miaka miwili uvujaji ulikuwa umekoma kwa asilimia 82 ya waliofanyiwa baipasi, dhidi ya asilimia 55 ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Lakini chujio iliyokwisha kuwa kovu haifufuki. Faida kubwa iko kwa anayewahi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha, kwa sababu husemwa haraka mgonjwa akiwa tayari anafunga mizigo. Baada ya baipasi mafuta hayanyonywi vizuri. Mafuta hayo hushikana na kalsiamu ndani ya utumbo, na kalsiamu hiyo ndiyo ambayo ingeizuia oksaleti ya chakula. Oksaleti ikikosa wa kuishika huingia kwenye damu, ikafika kwenye figo na kuganda kuwa mawe. Kwa wachache huharibu figo yenyewe. Na oksaleti imejaa wapi? Kwenye nduma zinazouzwa soko la Karatina, kwenye terere, kwenye njugu, kwenye chai. Simwambii mtu wa Nyeri aache nduma. Namwambia azile kidogo, pamoja na maziwa, na vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa avimeze wakati wa kula.

Halafu maji. Endarasha, kwa baridi ile ya Aberdare, mtu hushinda shambani bila kuhisi kiu, na tumbo dogo haliwezi kupokea bilauri nzima kwa mpigo. Anywe funda moja moja kutwa nzima, chupa ikae kando ya jembe. Mgongo ukimuuma asikimbilie diklofenaki au ibuprofeni dukani: dawa hizo huchoma figo, na kwa aliyefanyiwa baipasi huleta vidonda pale utumbo ulipoungwa.

Kuna mtego mmoja wa maabara. Kriatinini, kipimo kinachotumika zaidi, hutokana na misuli. Aliyepungua kilo 40 amepoteza misuli pia, hivyo kriatinini yake inaweza kushuka ilhali figo haijapata nafuu yoyote. Kipimo cha sistatini C hakiyumbishwi sana na misuli, kikipatikana. Kisipopatikana, kichupa cha mkojo cha kupima protini, kila mwaka, kitaeleza mengi kuliko mizani.